Kumkumbuka Saa Mbovu, Mpiga Simu wa Bendi

“Walikuja kuzika, au walikuja kuhesabu viti?”

“Walikuja kuzika, wakakuta mmeshazika. Usiwasingizie watu, Redio.”

“Mwenye uchungu hafiki kaburi likishafukiwa, Fundi. Hilo hata kuku wangu wanalijua.”

Mwaka umetimia tangu ututoke, mpendwa wetu, na hivyo ndivyo majirani zako wanavyokukumbuka: kwa ubishi. Redio ni yule yule mama wa nyumba ya nyuma, uliyembatiza wewe mwenyewe kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Fundi ni fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyewashonea vijana wako mashati ya jukwaani. Wiki iliyopita walikuwa wamesimama uchochoroni wakigombea habari zako, chini kabisa ya dirisha la jikoni, na ndani ya dirisha hilo mkeo alikuwa anakata vitunguu, nasi tukimsaidia. Alisikia kila neno. Lakini hayo tutayafikia. Tuanze na wewe.

Ulituacha asubuhi, umeketi kwenye kiti chako cha kamba, simu sikioni. Mwenye ukumbi uliyekuwa unaongea naye alidhani mtandao umekatika, akapiga tena na tena mpaka mkeo akapokea. Akatuambia neno lako la mwisho lilikuwa, “Wako njiani.” Kwa jinsi tunavyokujua, na kwa jinsi tunavyowajua wanamuziki wako, hakuna aliyekuwa ameshatoka kitandani.

Kazi yako wengi hawakuielewa. Siku ulipokuja na wenzako kujitambulisha nyumbani kwa mkeo, mama mkwe alikutazama mikono, hana anachokiona. “Umesema uko kwenye muziki. Mwenzako huyu anapiga gitaa, yule anapiga ngoma. Wewe unapiga nini?” Ukainamisha kichwa kwa adabu zako zote: “Mama, mimi napiga simu.” Baba mkwe alicheka mpaka akapaliwa. Mama mkwe hakucheka hata kidogo, ila tangu siku hiyo, kila akiwa na neno la kumfikishia mtu mgumu, anakutuma wewe.

Na wagumu ndio uliokuwa ukiishi nao. Kuna waliosusa kwa sababu ya taa, kuna waliosusa kwa sababu ya shati. Yupo aliyepoteza sauti kila alipogombana na mchumba wake, ukawa unakwenda kwa mchumba kwanza, kwa daktari baadaye. Mpiga gitaa na mwimbaji walipokaribia kushikana mashati, kila mmoja akitaka jina lake liwe juu kwenye tangazo, ulikwenda kwa mchapaji ukaagiza majina yaandikwe kwa duara, kama maua pembezoni mwa sahani. Kila mmoja akalichukua tangazo lake, akaligeuza mpaka jina lake likawa juu, akalibandika mlangoni kwake. Hilo la mpiga gitaa bado lipo, tumeliona. Sura ya bendi nzima imepinduka kichwa chini, ila jina lake limesimama wima.

Nyumba yako haikujua utupu. Tukija kukusalimia tulikuta viatu mlangoni kama vya shule. Huyu anasubiri ushauri, yule anasubiri wimbo wake usikilizwe, mwingine hana anachosubiri, amenusa jiko tu. Mkeo alilalamika, kisha akaongeza maji kwenye mboga.

Katika wote hao, uliyempenda kama damu yako ni mwimbaji, Ninga. Ulimwita hivyo, kwa jina la njiwa wa porini, kwa sauti yake. Alipotokea bwana mmoja mwenye miwani myeusi na gari la kung’aa, akamwambia, “Achana na huyu mzee wa simu, mimi nitakupeleka mbali,” sisi ndugu zako tulikuambia umzuie, umkumbushe ulikomtoa. Wewe ukampangia begi. Ukamwambia: “Nenda. Ila siku ukirudi, usibishe hodi. Mtoto wa nyumbani habishi hodi, anaingia.” Akaenda. Mwenye miwani akapata kinda mwingine. Siku moja tuko mezani tukasikia mlango wa nyuma, mtu akaingia kimya akaketi pembeni yako, na wewe bila kugeuka ukamsogezea sahani, ukaendelea na habari uliyokuwa unasimulia.

Kwa hiyo mkeo alitazamia nini siku ya kukuzika? Alimtazamia Ninga. Alikuwa anageuza shingo njia nzima. Watu walijaa, hata wenye kumbi uliogombana nao walikuja na macho mekundu. Bendi yako haikuonekana. Tulikuzika bila wimbo, wewe.

Tulirudi nyumbani, viti vimeanza kukunjwa, ndipo gari lao likaingia. Walishuka wote, mashati meupe yamepigwa pasi, mpiga gitaa na gitaa lake, mpiga ngoma na ngoma yake, na Ninga mbele. Walipoona viti vinakunjwa wakasimama kama watu waliomwagiwa maji. Mkeo alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele, hakulia. Alisema maneno mawili tu: “Hata leo?” Kisha akafunga mlango.

Maneno hayo mawili yamekaa kati yao mwaka mzima. Ninga hakukanyaga tena hapa. Viatu mlangoni vikaisha. Mkeo akawa anapika kisufuria kidogo, na kila tukimtaja Ninga anainuka kwenda kutafuta kitu ambacho hakijapotea. Tulijua kinachomuuma. Hakuwa anahesabu makosa ya wanamuziki, hayo aliyazoea. Alikuwa anajiuliza kama mapenzi yote yale uliyowamwagia yaliingia kwenye ndoo isiyo na kitako. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima usingizi: kama walikupenda, au walipenda simu yako tu.

Sasa turudi uchochoroni.

“Hebu niambie,” Fundi akamuuliza Redio, “ujumbe wa mazishi ulitoka kwenye simu ya nani?”

“Ya marehemu. Mdogo wake ndiye aliyetuma, maana humo ndimo walimo watu wote. Akaandika mazishi ni saa nane, na saa nane tukazika. Mimi nilikuwepo.”

“Basi jibu ndilo hilo. Namba ile ikisema saa nane, nani duniani amewahi kufika saa nane?”

“Una maana gani?”

“Kwa nini walimwita Saa Mbovu? Mimi mwenyewe mashati ya Jumamosi alikuwa ananiambia ni ya Alhamisi. Nikamshtukia, nikawa nayamaliza Ijumaa, naye akijua kwamba nimemshtukia. Tukaishi vizuri. Kwa wale vijana ilikuwa hivyo hivyo. Kila mtu na saa yake. Mpiga gitaa alimkatia saa moja, Ninga mbili, na yule wa ngoma tatu, maana yule akioga ni kama anaandaliwa kuolewa. Wao nao wakajua. Akitaja saa, kila mmoja anaongeza ya kwake kichwani, na bendi inafika kwa wakati.”

“Kwa hiyo alikuwa mwongo.”

“Alikuwa meneja.”

Redio alinyamaza. Mashahidi wapo.

“Ninga aliniambia kwa mdomo wake,” Fundi akaendelea. “Alikuwa amelia tangu jana yake, macho hayaoni. Simu ikalia, akaona jina la Meneja, saa nane. Akajumlisha mbili, akawapitia wenzake mmoja mmoja. Mtu alijua mwenye simu amekufa, na bado akapiga hesabu zake. Walipofika wakakuta viti vinakunjwa ndipo akili ikamrudia.”

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mkeo akatoka na kisu mkononi, machozi yanamtiririka, na Redio akasogea nyuma ya Fundi mpaka aliponusa vitunguu.

“Mbona hawakusema?” mkeo akauliza.

“Waseme nini, shemeji? Mtu aje kwa mjane amwambie, aliyetuchelewesha ni mumeo?”

Mkeo akaketi kwenye ngazi ya mlango. Akaweka kisu mapajani. Halafu tukamwona anatikisa mabega, tukadhani analia, kumbe anacheka.

“Wageni,” akasema. “Kila mara ananiambia wageni wanakuja saa sita. Nahangaika, napika mbio mbio, chakula kinaiva, naoga, nakaa. Wageni wanaingia saa nane. Miaka yote nikamwambia, mume wangu, marafiki zako hawana adabu. Anajibu, ‘Wavumilie, mke wangu, ndivyo walivyo.’”

Fundi akajaribu kuficha meno, akashindwa. “Shemeji, na wewe ulikuwa kwenye bendi. Hukuambiwa tu.”

Jioni ile ile aliichukua simu yako. Ameitunza, ameichaji mwaka mzima bila kumpigia mtu. Aliandika, “Jumapili tunamkumbuka. Chakula saa nane.” Akaisoma. Akafuta nane. Akaweka sita. Akawatumia wote.

Jumapili ikafika. Jua halijasimama vizuri, viti bado vimebebana uani, mkeo kichwani kitambaa cha kazi, nusu ya vitunguu haijamenywa. Tukasikia mlango wa nyuma.

“Hodi.”

Mkono wa mkeo ukasimama juu ya ubao wa kukatia.

“Nani?”

“Mimi.”

“Mimi ana jina.”

“Ninga, shemeji.”

Tulijifanya tuna kazi, kila mmoja ameshika kitu ambacho hakihitaji kushikwa. Mkeo alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni akaufungua. Ninga alikuwa na lile shati jeupe la mazishi, limepigwa pasi mpaka linakata. Amekonda.

“Tangu lini wewe unabisha hodi hapa?” mkeo akamuuliza.

Ninga akajibu, “Nimekuja saa uliyoniambia, shemeji. Tangu siku ile siongezi. Mtu akinitajia saa, nafika kabla yake.”

“Mjinga wewe. Chakula ni saa nane.”

Ninga akatazama simu yake, akamtazama mkeo, akaelewa. Uso wake ulikunjuka kidogo kidogo, kama nguo iliyokaa sandukuni. “Umenikatia mbili.”

“Nimeambiwa ndizo zako.”

“Basi niende nirudi?”

“Uende wapi? Shika kisu hicho. Vitunguu havijali kama una sauti nzuri.”

Akaingia. Walimenya vitunguu pamoja, wakalia pamoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake analilia nini. Baadaye akaanza kuimba chini chini ule wimbo uliokuwa unaupenda, ule ambao hukuwahi kuyajua maneno yake ukawa unaimba “na kadhalika”. Alipofika penye maneno yaliyokuwa yanakushinda, naye akaimba “na kadhalika”, na mkeo akaacha kisu akajifuta uso kwa kiganja. Redio akapitisha kichwa juu ya ukuta kuomba chumvi. Ana gunia zima la chumvi huyo. Tukamwambia azunguke aje.

Saa nane ilipofika, saa nane ya kweli, tulikuwa tumeketi. Mpiga gitaa alikuwepo, amefika saa saba, kama ulivyompima. Viatu vilijaa mlangoni. Kiti chako cha kamba tulikitoa nje na hakuna aliyekikalia, mpaka mjukuu wa Fundi alipolala humo, tukamwacha.

Tunaokukumbuka ni mkeo, aliyerudia sufuria kubwa. Ni wanao wawili, ambao wakituambia wako njiani hatuwaamini, na tunajua walikojifunza. Ni mama mkwe wako, anayetafuta mtu mwingine wa kumpigia simu zake na hajampata. Ni mdogo wako, aliyeapa kutogusa tena simu ya mtu. Ni mimi dada yako, niliyepewa kalamu kwa sababu nilikuwa naongea sana. Ni Fundi na Redio, ambao ubishi wao umehamia kwenye mambo mengine. Na ni Ninga. Nilitaka kumwandika chini, pamoja na marafiki, mkeo akanyoosha kidole: mpandishe, mweke na watoto.

Tutakukumbuka kila saa, ya kweli na ya kwako.

Nilidhani nitaishia hapo. Sahani zilikuwa zimeshaoshwa, nami nageuza karatasi, mlango wa nyuma ukalia tena. Saa tisa. Sita, ongeza tatu. Akatokea mpiga ngoma, ameoga, ananukia mpaka paka akapiga chafya. Aliposikia uani kumetulia na kuona sahani zimepangwa zinakauka, akavua kofia. Akasimama kizingitini, kofia mkononi, haingii wala harudi nyuma.

Mkeo akanyanyuka. Akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele zilizolowa.

“Hata leo,” akasema.

Ninga akainamisha kichwa. Mkeo akaenda jikoni, akarudi na sahani moja iliyofunikwa kwa nyingine, akaiweka mezani, akavuta kiti.

“Ingia ule. Ninga ameongeza mara mbili, lakini ya kwako niliificha.”