Usinipe Sahani Yako

Kijijini, Jumapili baada ya arobaini ya mama

Dada yangu Veta,

Pokea salamu zangu na za nyumba hii, ambayo sasa ina sauti yangu tu na ya yule jogoo mkorofi wa mama. Natumai barua inakukuta mzima, mgongo umetulia, na yule bibi unayemtunza huko Torino ameacha kukuita kwa jina la binti yake. Mimi sijambo. Najua ukisoma hiyo "sijambo" yangu unabetua midomo, maana nimekuambia sijambo miaka yote huku nguo zikinining'inia kama zimetundikwa msumarini. Safari hii nivumilie, usome mpaka mwisho.

Uliponipigia simu juzi hukunisalimu. Uliuliza tu vitu vya mama viko wapi. Ulisema shangazi Tinca kakuambia mama ameondoka duniani mikono mitupu, bila taulo, bila mtungi, bila hata lile blanketi jekundu ulilomnunulia kwa jasho lako, na kwamba mwenye majibu ni mimi. Nikakata simu. Ukadhani nimeviuza. Hukusema, lakini nilikusikia ukifikiri hivyo. Sikukata kwa dharau, dada. Jibu lake linaanzia mbali, kwa Gelu, na sisi wawili hatujawahi kulitaja jina la mdogo wetu kwenye simu bila mmoja kuanza kulia.

Wewe wakati ule ulikuwa bwenini huko Craiova. Ulikuja mazishini, ukarudi shule. Ya katikati hukuyaona. Gelu alishikwa na tumbo ghafla, akapelekwa hospitali, na kwa kuwa alikuwa apasuliwe, madaktari wakakataza asipewe kitu. Akamwomba mama madonge ya plamu, yale ya viazi yenye tunda ndani, ambayo mama alikuwa akiyaviringisha kwenye chenga za mkate na sukari. Mama akamwambia subiri mwanangu, ukitoka humo nitakupikia sufuria nzima, yote yako. Hakutoka.

Baada ya mazishi bibi yetu aliamka, akatuambia amemwota Gelu amesimama mlangoni na bakuli tupu. Kwetu hilo halina mjadala, unalijua. Marehemu akija ndotoni na njaa, chakula kinatolewa kwa jina lake, anayekipokea anasema Mungu amrehemu, na mwenyewe anakikuta huko aliko. Mama akaingia jikoni kupika yale madonge. Tukasikia kishindo. Tulimkuta sakafuni, unga umemjaa mikononi, analia bila sauti. Hakuyapika tena. Bibi alitoa supu, akatoa ugali na jibini, akaona yameisha. Mimi nilikuwa mtoto, Veta, nikawaza kitoto: hawa wakubwa wanatoa siku za sadaka tu, na Gelu ana njaa kila siku. Basi atakula changu.

Nilianza na mkate wa shule. Kisha chakula cha mchana, kisha cha usiku, nikikificha kwenye aproni na kukipitisha kwenye ua kwa watoto wa shangazi Tinca. Unawakumbuka, walikuwa wengi na hawachagui. Nilisimama hapo mpaka waseme yale maneno, Mungu amrehemu Gelu, ndipo moyo ukatulia. Yule mkubwa wao alinitania kwamba nikiendelea hivi Gelu atanenepa mpaka ashindwe kupita mlango wa peponi. Wenzake wakacheka. Mimi nilifurahi kwelikweli, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Mambo hayo yalipaswa kuisha na utoto. Hayakuisha. Nilipokua, habari ya Gelu ilizama chini nikawa hata siifikirii, ikabaki njaa peke yake. Nikiwa na njaa najiona mtu mwema. Nikishiba najiona mwizi, natafuta mahali pa kujificha. Wewe na wengine mkasema najiringia umbo. Umbo lipi, Veta, la mwanamke ambaye nywele zinabaki kwenye chanuo? Nilipata kazi jikoni shuleni, napikia watoto wote wa kijiji, naonja kwa ncha ya kijiko na kutema. Marin, mchumba wangu, alinivumilia mpaka siku ile nilipokutwa kwao nikificha nyama kwenye leso. Mama yake akamwambia palepale, mbele yangu, "Mwanangu, katafute mwanamke anayekula, huyu utamzika kabla hujamzoea." Naye akaenda kutafuta.

Nawe ulijaribu, sitasema hukujaribu. Pasaka ile ulinishika kidevu, ukanisukumia kijiko mdomoni, ukasema namuua mama polepole, na kwamba hutakaa tena kwenye meza hii mpaka unione namaliza sahani. Ukalishika neno lako. Mama akabaki na meza isiyo na binti: mmoja yuko mbali, mwingine yuko karibu lakini hali chakula. Alikuwa akila amesimama pale karibu na jiko, upesi upesi, kama mtu anayeona haya.

Sasa nije kwenye vitu vyake. Vuli ile alipotangaza kwamba atafanya sadaka ya aliye hai, ile mtu anayojitolea kabla hajafa, ulifurahi. Ulisema bora ajitolee mwenyewe macho yakiwa wazi, ajue atakayoyakuta kule, kuliko kuwategemea watoto. Ndipo ukatuma blanketi. Alikuwa ameweka kila kitu kwenye lile sanduku la harusi yake: taulo za kufuma mwenyewe, mishumaa, mitungi, viatu, gauni. Kijiji kizima kilijua ni vyake. Tulipanga meza uani chini ya mzabibu, nikapika mimi, majirani wakaja, na Padri Ilarie akafika akiwa na njaa kama kawaida yake.

Asubuhi hiyo mama alinipa lile gauni jipya na vile viatu, akaniambia nivae. Nikadhani anataka nipendeze mbele ya watu. Kisha akanikalisha kiti cha mbele, mahali pa mwenye sadaka. Nikamwambia mama, hapa ni pako. Akaniambia kaa, usinipigie kelele. Padri akawasha mshumaa, akauliza jina la anayefanyiwa, kama inavyoulizwa. Mama akasema, "Smaranda." Jina langu, si lake.

Watu wakatazamana. Padri akadhani uzee umemchanganya, akamwambia taratibu, "Hapana, mama, jina la mwenye sadaka." Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Nimeshakutajia, Padri. Mimi nimemzika mmoja na njaa. Na huyu atanitangulia, macho ninayo, naona. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimeshindwa. Basi akifika huko akute meza. Akute na maji ya kunywa. Na blanketi mumpe, huyu anasikia baridi siku zote."

Dada, nilikaa pale hai nikitazama vitu vyangu vya ahera vikigawiwa. Kila aliyepokea ilimbidi aseme Mungu amrehemu Smaranda, huku mimi nipo, nimevaa viatu vipya. Wengine walisema wakiangalia chini. Blanketi lako lilimwangukia shangazi Tinca. Alifungua mdomo aseme, akashindwa, akalikumbatia na kuangua kilio. Liko kwake mpaka leo, limekunjwa, anaona haya kulitumia. Kwa hiyo hakukudanganya. Nadhani alikuchokoza makusudi, ili sisi wawili tuzungumze.

Halafu mama akaingia jikoni, akatoka na bakuli la madonge ya plamu. Sikujua kayapika saa ngapi. Akaliweka mbele yangu, maana mwenye sadaka ndiye anayeanza, wengine wote wanamsubiri. Mvuke ukanipanda usoni. Nikasema, "Mama, haya ni ya Gelu." Yeye akauliza, "Ya Gelu kivipi?" Basi nikaanza, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nilimwambia habari ya bakuli tupu, ya ua wa Tinca, ya aproni, yote, mbele ya Padri na kijiji chote, kamasi zikinitoka kama mtoto.

Mama akaketi chini pale pale kwenye nyasi. Aliniuliza kama miaka yote hii nilikuwa namlisha Gelu, nikamwambia ndiyo. Akaniuliza mbona sikumwambia. Nikamjibu kwamba siku ile nilimwona sakafuni na unga mikononi, sikutaka kumwangusha tena. Kisha, Veta, akacheka, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio, akasema Gelu alikuwa akiomba chakula hata mdomo umejaa! Alikuwa akiomba donge la plamu huku ameshika mengine mikono yote miwili. "Hakufa kwa njaa, mwanangu, alikufa kwa tumbo. Kuomba ilikuwa tabia yake tu. Ungeniuliza ningekuambia siku hiyo hiyo." Akanishika miguu, akaniambia neno ambalo nakuomba nawe ulishike: "Hakuna mama anayetaka sahani ya mtoto wake. Nikifa usinipe sahani yako. Ukitaka kunipa, nipikie yangu."

Nilikula donge moja. Nikala na la pili, polepole, na watu wote wakinisubiri bila kugusa chao, hata Padri. Tumbo liliniuma mpaka asubuhi.

Usidhani nilipona siku hiyo. Nilikwenda pia kwa daktari mmoja mwanamke mjini, anayesikiliza tu na kuuliza kidogo, na naendelea kwenda. Lakini tiba niliyoipenda ilikuwa jioni. Mama aliacha kula amesimama. Tulikaa, yeye na sahani yake, mimi na yangu, tukisema habari za kuku. Siku nilizoweza, nilikula nusu. Siku nilizoshindwa hakunisimanga wala hakuguna. Alifunika sahani yangu kwa nyingine na kuiondoa mezani, akisema itakuwepo kesho. Alikuwa akiimba akiosha vyombo. Sikumbuki kumsikia akiimba tangu tuwe watoto.

Tulipata jioni chache mno. Moyo wake ulikuwa umechoka kabla hatujajua, ukasimama siku theluji ya kwanza ilipoanguka.

Na hili sijamwambia mtu, nakuambia wewe. Baada ya mazishi nilifungua sanduku nikalikuta tupu, ndipo nikaelewa alichofanya. Vyote alivyojiwekea alivitoa kwa jina langu. Aliamini kabisa kwamba kule mtu anakuta alichotolewa tu, na bado akakubali kwenda bila kitu. Nikamwona yuko kule hana blanketi, hana maji, hana meza, kwa ajili yangu. Nikarudia yale yale. Niliacha kula, Veta. Kila nilichopika nilikifunga kwenye kitambaa kumpelekea shangazi Tinca kwa jina la mama, na nikaanza tena kusikia ule wema wa njaa, ule mtamu, unaujua uongo wake.

Mwanzoni alipokea, hakujua. Siku moja alinitazama mikono, akauliza mimi nimekula nini. Nikamsogezea bakuli. Akanirudishia bakuli kifuani, mimi nikiwa nimesimama kwenye theluji. Kukataa sadaka ya maiti kwetu ni jambo zito, na Tinca mwoga wa mambo hayo kuliko wote. Aliniambia, "Wanangu walikula nyama ya mwili wako miaka yote ile, na mimi mama yao nashukuru tu, sijui kitu. Hiki sikipokei! Mama yako alikuambia nini mbele yetu sote? Rudi ukale. Ukishakula, umpikie yake, uniletee, nitampokelea kwa mikono miwili." Akanifungia lango. Nilisikia akilia nyuma yake.

Nilirudi nikiwa na hasira naye njia nzima. Nikala nikiwa na hasira, kidogo tu. Kesho yake nikala tena. Sikukuambia kwenye simu kwa sababu ungepiga kelele, na nisingekulaumu.

Jana ilikuwa arobaini. Niliamka nikachemsha viazi, nikatoa zile plamu alizozigandisha mama mwenyewe vuli ile. Nilipika sufuria mbili. Ya kwanza niligawa kwa jina lake, pamoja na mtungi mpya na taulo nilizonunua, na Tinca alipokea kwa mikono miwili kama alivyoahidi, akasema Mungu amrehemu bila kukwama. Ya pili ilikuwa yangu, na madonge mengine yamebaki mpaka leo. Ninayala sasa hivi, nikiandika. Hilo doa la zambarau hapo pembeni ni plamu, nisamehe, nimeliacha ili usiseme nakudanganya.

Majani yakichipua tutamfanyia mama sadaka yake kamili, na meza, na blanketi. Njoo, dada. Uliapa hutakaa hapa mpaka nimalize sahani. Msalimie yule bibi yako, mwambie jina lako ni Veta. Vaa soksi nzito, huko najua hamwashi jiko ipasavyo. Jogoo wa mama nimeshindwa kumchinja, utamkuta.

Nimeweka kalamu kidogo, nikaishika tena. Sahani imekwisha, dada. Haina hata chenga. Mbele ya mama sikuwahi kuimaliza hata mara moja, siku zote ilikuwa nusu, naye akaifunika. Leo ni tupu, iko hapa mezani tangu muda mrefu, na mimi bado nimekaa nasubiri aje aiondoe.

Ni mimi mdogo wako,
Smaranda