Gumba Ni Juu

Njambi,

Ni Jumapili, saa nane mchana, na mimi siko Riruta. Saa hizi ningekuwa kwenye kochi la mamako, sahani ya mukimo magotini, akiniuliza kwa nini nazidi kukonda. Badala yake nimejifungia dukani hapa mjini, katikati ya mashine za kuchapa ambazo leo zimenyamaza. Bosi aliniachia ufunguo akidhani nina kazi ya haraka. Nimechukua karatasi zilizoharibika na ninakuandikia upande wa nyuma, kwa hivyo usishangae ukikuta kadi za harusi za watu usiowajua.

Nimekukwepa tangu tukuzike. Kila nikishika kalamu naanza na uongo, halafu naona haya, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee nisiyeweza kumdanganya kuhusu siku ile. Ulikuwepo.

Nikupe kwanza habari za huku. Klabu bado ipo. Kocha Mutiso bado anafundisha kupiga mbizi kwenye lile bwawa la karibu na Woodley, na bado anavaa ile kaptura ya aibu. Wawili waliacha baada yako. Sisi wengine tulibaki, tukiogopa na kujifanya hatuogopi. Mimi tangu ile safari ya Pwani sijaingiza hata kidole majini. Naenda, nakaa ukingoni na daftari, naandika majina ya waliofika. Kocha hajawahi kuniuliza kwa nini siingii, na huo wema wake ndio unaonichoma.

Na mamako. Jamani, mamako. Jioni ya mazishi alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Nafula, wewe ndio uliona Njambi wangu mwisho. Usinipotelee." Basi sikumpotelea. Kila Jumapili baada ya kanisa nilishuka Naivasha Road hadi kwenye ploti yenu, nikapewa kiti chako, kikombe chako, hata ile sweta yako ya kijani. Wapangaji wakimuuliza mimi ni nani, alijibu, "Huyu ni wangu." Nami nilinyamaza, nikala.

Ukutani kuna picha yako. Unaijua. Uko chini ya maji, miwani imekubana pua, nywele zimesimama, umeinua kidole gumba mbele ya kamera yangu. Mamako aliichagua mwenyewe kati ya picha zote nilizompa kwenye flashi. "Ona vile alikuwa na raha," aliniambia. "Alikuwa anatuambia yuko poa." Tukaiweka kwenye programu ya mazishi. Nilichapa nakala mia tatu kwa mashine hii iliyo kando yangu. Akataka niandike chini yake: Alituaga akiwa na furaha. Niliandika, nikasahihisha nukta, nikachapa.

Wewe na mimi tunajua gumba ni nini.

Unakumbuka bwawani, lile juma letu la kwanza? Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio, na wewe kila ukiulizwa kwa ishara kama uko sawa, unainua gumba kama mtu anayeitikia salamu pale Dagoretti Corner. Kocha anapiga maji kwa hasira, anatupandisha sote. "Hapa gumba si poa! Gumba ni juu! Umesema unataka kutoka, haya toka!" Adhabu ilikuwa kusimama ukingoni ukitetemeka mpaka wenzako wamalize zoezi. Ulisimama pale mara ngapi? Nilikucheka hadi nikashikwa na kwikwi. Ulisema mkono wako ulizaliwa Riruta, haujui lugha nyingine.

Ndiyo maana, Njambi. Sisemi nijitetee. Nasema tu ilivyokuwa.

Siku ile Pwani maji yalikuwa safi na tulikuwa tumezama muda mfupi tu. Tulikuwa wenza, na kazi ya mwenza ni moja, kutomwacha mwenzake. Uligeuka ukainua gumba, na mimi nikacheka hadi maji yakaniingia mdomoni. Nilidhani umesahau tena. Nilikupiga picha ili nikutanie nayo jioni, kisha nikakurudishia gumba langu, kwa kejeli. Hapo wakapita wale samaki wa manjano, kundi zima, nikawafuata na kamera. Nilipogeuka hukuwepo. Na sikushtuka. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilidhani uko nyuma ya mwamba, nikapiga picha nyingine, na nyingine. Nilipokuja kupanda ulikuwa umeshapanda peke yako, umelazwa kwenye boti na mabaharia wawili wanakuminya kifua.

Daktari alisema ni moyo. Ulizaliwa na kasoro ambayo hakuna aliyeijua, na labda hata tungepanda pamoja ungeondoka tu. Labda. Nimelishika hilo neno miezi hii yote na halinishibishi.

Kocha, ambaye wakati huo alikuwa bado chini na wengine, alipoiona picha aliniuliza, kwa sababu yeye anasoma ishara za mikono. "Hii ilikuwa mwisho?" Nikamjibu haraka, "Ndio, Coach. Tulikuwa tunapanda. Tulipanda pamoja." Akaniamini. Kila mtu aliniamini. Uongo mmoja mdogo, na juu yake nikajengewa kiti nyumbani kwenu.

Sasa, jana.

Jana klabu ilienda kwenye maonyesho ya kupiga mbizi, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, mwendo mfupi tu kutoka dukani. Ungeyapenda mno. Ni wewe uliyetusumbua siku zote kwamba siku yakija Nairobi lazima twende wote, na tupige picha tukiwa tumevaa suti za bei ambazo hatuwezi kununua. Klabu ilipewa meza. Kocha akasema tuweke bango lenye picha yako, na bila shaka nani angelichapa? Gumba lako sasa lina urefu wa mkono wangu mzima.

Mamako alimpigia Kocha simu mwenyewe. "Na mimi nakuja. Nataka kuona hizo vitu zilipendeza mtoto wangu." Tulikutana Dagoretti Corner asubuhi, tukapanda gari la kukodi, naye amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisani, na kapu la nduma na chupa ya chai kwa watu wote. Ungecheka. Alishika kila kitu. Aligonga mtungi wa hewa akauliza kama ni ule wa kupikia. Alivuta suti ya raba akasema kwa sauti, "Na mtu akishikwa na haja, anaenda wapi?" Kocha Mutiso, mtu mzima na ndevu zake, akajifanya anatafuta miwani yake. Nilicheka kweli, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, na mamako akanishika kiuno tukacheka pamoja.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na tangi kubwa la kioo, na ndani yake mpiga mbizi akionyesha ishara. Dada mmoja mwenye maikrofoni alikuwa akiwauliza watu maana. Nilimwambia mamako twende tukanywe chai. "Ngoja nione," akasema.

Mpiga mbizi akainua gumba.

"Huyu anasema nini?" dada akauliza, na umati mzima ukajibu, "Poa!" Mamako alipaza sauti kuliko wote. Aliinua gumba lake juu kabisa, vile vile kama kwenye picha, akageuka kuniangalia ili nione kwamba anajua.

"Hapana!" dada akasema, akifurahi kwamba amewanasa. "Chini ya maji hiyo ni kusema, nataka kwenda juu. Ukiona hii, hakuna kubishana, mnapanda wote wawili."

Watu wakacheka. Mkono wa mamako ukabaki hewani. Akautazama kama si wake, akaushusha polepole, akautia ndani ya leso yake. Kisha akatembea hadi kwenye meza yetu, akasimama mbele ya bango. Mimi nikamfuata. Kocha akaja mbio, maskini, akitaka kumfariji. "Ni kweli, Mum, ndio maana yake. Lakini hapo walikuwa wanamaliza. Walipanda pamoja na Nafula."

Mamako akanigeukia mimi, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Na hizo samaki za yellow?"

Nikasema, "Mum?"

"Mimi huangalia hizo picha kila siku, nikizifuatanisha. Picha za hizo samaki zinakuja baada ya hii. Ziko tisa. Na Njambi hayuko hata kwa moja."

Nilimpa picha zote, Njambi. Mimi mwenyewe. Kazi yangu ni kupanga picha za marehemu wa watu, na sikufikiria kwamba mama angezipitia kwa mpangilio wake, moja baada ya nyingine, akitafuta mtoto wake ndani ya kila moja.

Tulitoka nje tukakaa kwenye ngazi. Nilimwambia yote. Gumba lako, gumba langu, samaki, uongo wangu kwa Kocha. Nilitamani anipige. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu. "Ulicheka?"

Nilimwambia nilicheka.

Akafunga kitambaa chake upya, akainuka. Kwenye gari alikaa mbele. Kapu lilirudi na nduma zote, hakuna aliyethubutu kuomba. Tuliposhuka Dagoretti Corner alinipita, halafu akasimama, bila kunigeukia. "Kesho usikuje kwanza."

Leo asubuhi nilimpigia Kocha nikamwambia yeye pia. Akasema, "Ungeniambia tu, Nafula. Ningekasirika, lakini tungekuwa wawili." Akaongeza kwamba Jumamosi kuna wanachama wapya, na somo la ishara nitalifundisha mimi, ndani ya maji, si ukingoni. Halikuwa ombi.

Kwa hivyo nakuahidi hilo. Nitaingia. Nitawaambia jina lako na nitawaambia langu, na nitawaambia kwamba mwenzako hata akiwa ndiye mtu anayekosea kila siku, hata kama umemcheka mara mia, akiinua gumba unapanda naye. Bango nimelikunja, liko chini ya meza hapa. Zile programu mia tatu siwezi kuzirudisha, ziko kwenye Biblia na makabati ya watu, na maneno niliyoyachapa yatadumu pale kuliko hata mimi.

Samahani. Ningepaswa kuanza na hilo neno, lakini unanijua, mimi huzunguka.

Nakukumbuka kwa namna ya kijinga. Wiki iliyopita niliona mtu amesimama Woodley akitetemeka kwa baridi, nikacheka peke yangu, halafu nikalia mpaka mama muuza mboga akanipa kiti.

Pumzika, dada yangu. Mamako hakusema "usikuje." Alisema "usikuje kwanza," na tangu jana nimekuwa nikiligeuza hilo neno dogo la mwisho, nikiogopa kulitegemea na sina lingine la kutegemea. Sitakwenda mpaka aniite. Lakini siku akiniita, iwe kwa simu au kwa mkono tu kutoka ng'ambo ya barabara, nakuahidi nitautazama huo mkono vizuri kabla sijajibu.

Mwenza wako,
Nafula