Suti ya Kijani ya Mama Yako Mkubwa

S.L.P. 14,
Dover, Tasmania.
3 Septemba

Mpendwa Tegan,

Hujambo, mwanangu? Joto la Broome linakuendeaje, na lile sikio limepona? Sisi huku wazima, ila baridi haina adabu, na goti langu linalalamika kuliko mimi.

Umeuliza ununue suti ipi isiyopitisha maji kabla hujaja kuzamia nasi. Kwanza sikia nilivyoonewa.

Unajua mama yako mkubwa Una alivyoulea ule mwani mkubwa kwenye chupa, tangu mbegu zake zikiwa kama vumbi, ili akaupande chini ya bahari. Mwaka jana alitoka majini midomo imegeuka buluu. Kiongozi wa wazamiaji akamwambia wazi: bila suti kavu, hiyo isiyopitisha maji, mwani wako watakupandia wengine. Maji yetu ni nyuzi joto kumi na moja, na yeye ana miaka sitini na mbili.

Nikampima mwenyewe, kifua, kiuno, paja hadi kisigino. Mimi nimeunda boti tatu bila kufundishwa na mtu! Dukani Hobart nikachagua suti nyeusi, ikamkaa kama ganda la yai. Una akasema, "Subiri." Akatoa kwenye begi nguo zake nene za sufu, akazivaa ndani ya suti, akachuchumaa katikati ya duka, kisha akapeleka mkono nyuma ya shingo, mahali inapokaa koki ya mtungi wa hewa. Haukufika.

Muuzaji akacheka. "Bibi, unakwenda kuzamia au kucheza sarakasi?"

"Koki ikijifunga kule chini, nikupigie simu uje?"

Una akachukua ya kijani, pana, imejikunja kama shati lililolaliwa. Nikanuna mpaka Dover.

Wiki iliyopita alishuka mita tisa kupanda mwani wake. Shina la mwani wa zamani likasugua koki mgongoni, ikajifunga, hewa ikakatika. Mwenzake Alannah alipogeuka, Una alishapeleka mkono nyuma na kuifungua, anaendelea kupanda mwani. Haya nimeambiwa na Alannah. Mwenyewe alipopanda botini aliomba chai tu, soksi zake kavu kama zimetoka kabatini. Mwanamke yule!

Basi ukiwa dukani vaa sufu zako ndani ya suti, chuchumaa, ufikie koki. Wakikucheka, waache wacheke.

Kinyongo bado ninacho. Lakini jana nilijifungia bandani na suti yangu ya miaka minane, nikachuchumaa. Sikufika. Jumamosi Una ananipeleka Hobart, na kipimo anashika yeye.

Msalimie mama yako Lorna na kaka yako Brodie. Maji yakupokee kwa upole, na kila mara yakurudishe.

Wako akupendaye,
Baba yako mkubwa,
Darrell Pybus