Mgeni Aliyejua Kula Mrenda

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Usenge tuko wazima, na ng'ombe wa babu yako amezaa! Niliruka kwa furaha niliposoma kwamba jirani yako, yule Mwamerika mweusi, amekualika ule bamia. Eti unaogopa ikivutika utaonekana mshamba?

Nikiwa msichana, mgeni mweusi kutoka huko huko Amerika alikuja kwetu. Mama alimpikia kuku na kumficha mrenda, maana mboga ile huvutika kama uzi. Mgeni akanusa, akafunua chungu mwenyewe! Akamega ugali, akachota, akazungusha mkono kuukata ule uzi, vile vile tunavyofanya sisi.

"Nani alikufunza?" mama akashangaa.

"Nyanya yangu, kwa bamia."

Kwa hivyo, zungusha mkono bila aibu. Jirani akikuuliza nani alikufunza, unajua la kumjibu.

Nyanya yako