Kikwembe mbele ya chumba ya maombi

Jumamosi, siku ya posho, usiku

Sauti imeniisha, lakini sitajuta.

Pasta wa ile chumba ya maombi anasema kesho wafuasi wake watapanda lori, waende mu pori ya Mongbwalu kungoja mwisho wa dunia. Masomo waache, dawa ya hospitali waache. Na mudogo wangu Furaha, ninayekaa naye, alikuwa amefunga muzigo. Nilimulilia, nilimugombeza, akazidi kukaza kamba ya muzigo.

Basi leo nikabeba mutoto mugongoni, nikaazima megafoni ya muuza simu, nikatandika vikwembe vyangu, vitenge vya kuuza, mbele ya mulango yao.

"Bamama! Kikwembe ya siku ya wanawake imefika! Nani atavaa ya mwaka uliopita?"

Pasta akatoka mukali. "Weye mama, unamuuzia shetani nguo hapa?"

"Shetani hana kiuno, Pasta. Mimi nashonea bamama."

Nikasikia kicheko mule ndani. Wakaanza kutoka moja-moja. Wanashika tu, hawanunui, walisema. Furaha akatoka wa mwisho, na kanzu yake nyeupe, amekonda juu ya kufunga. Akashika ile kikwembe ya picha za mandege.

"Yaya, dada yangu, hii utanishonea mikono mirefu ao mifupi?"

Nikamupima palepale.

Naogopa bado. Kama asubui akisikia lori inapiga honi... Muzigo wake nimeuweka chini ya kichwa yangu, nitaulalia.

Lakini mutu anayengoja mwisho wa dunia haulizi urefu wa mikono.