Itoboe Ile Chupa

Kilwa Masoko

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Najua umeshaniamkia moyoni, basi marahaba. Huko Rondo mmeamkaje? Homa imekuachia? Na mjukuu wangu Salumu, mume wangu huyo, naambiwa sasa anakimbia na kila anachookota anatia mdomoni. Hapo ndipo usingizi unaponipaa. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa kondakta barua hii.

Ile jiki niliyokutumia ya nguo za mtoto, ile iliyomo kwenye chupa ya maji, iko wapi? Kama iko chini, acha kusoma, kaiweke juu kwanza.

Umerudi? Haya. Mwenzangu Somoe, tunayefua naye mashuka hapa gesti, juzi alikuwa amefunga. Jiki yetu ni ya kupima, dukani wanatutilia kwenye chupa tupu za maji. Adhana ya magharibi ilipoanza tu, akanyoosha mkono pale kizingitini, akashika chupa ya jiki akidhani maji, akapiga funda kubwa. Kiu ya mfungo haina pua, mwanangu. Akaanguka kashika koo. Na sisi kwa wema wetu wa kijinga tukamtia vidole atapike. Daktari alitufokea, "Mmemuunguza mara mbili! Mngemsukutua mdomo mkamkimbiza huku." Kumbe inaunguza ikishuka, inaunguza na ikipanda.

Bosi wetu, yule mama mwenye gesti, unajua kasema nini? "Basi huyo ndani kumetakata, swaumu yake imepokelewa." Wakacheka na wageni wake, futari mdomoni. Asubuhi kanikabidhi vyumba vya Somoe na chupa ileile. Nikamwambia, "Mama, hata tuiandike basi." Akanijibu, "Wewe kusoma kwenyewe unabahatisha, utamwandikia nani?" Nikainama nikadeki.

Somoe sasa hata kumeza mate analia. Uji anatiliwa kwa kijiko, unarudi. Mwanawe mdogo anamuuliza mbona huongei, mama, umenikasirikia?

Basi nisikilize. Imwage hiyo jiki mbali na kisima, na maji mengi juu yake. Nitakutumia nyingine kwenye chupa yake ya dukani, uiweke juu asipofika mtoto. Ukifua, tia kidogo kwenye ndoo ya maji, mlango wazi, na usiichanganye na dawa ya choo, mvuke wake unakata pumzi. Chupa itoboe kitako kwa msumari. Usiitupe nzima. Kwetu chupa nzima haitupwi, jirani ataiokota atie maji ya kunywa.

Msalimie mjomba wako anayetupalilia mikorosho. Na bibi yako pia, macho yake ndiyo hayo, anakunywa anachoshikishwa, umwambie kwa sauti.

Salumu mbusu kwa niaba yangu. Ila kwanza mnuse mdomo.

Mama yako, nisiyelala.