Mwanga wa Nyumba ya Likoni

Mtopanga, Kisauni
9 Novemba 1947

Mama yangu mpenzi Kahaso,

Shikamoo, Mama. Ni mimi mwanao Randu. Je, ule mguu umepoa? Na mbuzi amezaa? Mimi ni mzima, nala nashiba, na kanisani naenda, hata ukimwuliza mchungaji. Nina jambo la kukuungamia linalonikosesha raha, lakini kwanza pokea habari njema, ili ukifika kwenye mbaya uwe umekwisha kucheka.

Bwana Dishon, mpiga picha ninayemfanyia kazi, aliitwa Likoni kupiga picha za vyumba vya nyumba kubwa inayouzwa. Wanunuzi wako Nairobi, hawana nafasi ya kuja, kwa hiyo wataiona kwa picha tu. Aliniambia kwamba zikitoka vizuri, nyumba itakayofuata nitaipiga mimi mwenyewe. Zikiharibika, nirudi kubeba magunia bandarini.

Usidhani kupiga picha ya chumba ni sawa na kumpiga picha bwana harusi. Nyumba ile ina baraza pana pande zote. Ndani giza, nje jua kali. Ukiipima kamera kwa nuru ya dirishani, sebule inatoka nyeusi kama chungu. Ukiipima kwa giza la sebule, madirisha yanaungua yote meupe. Baruti ya mwanga, ile inayolipuliwa ili imulike chumba, mwenye nyumba aliikataa, akasema hataki masizi kwenye dari yake. Dawa ya Bwana Dishon ni shuka nyeupe. Unazitandaza barazani panapopigwa na jua, nuru inaruka ndani, inapanda darini na kushuka polepole juu ya viti. Kisha unaiacha kamera wazi, unahesabu, na hakuna anayethubutu kukohoa.

Tulipofungua mizigo, shuka hazimo! Nilizifua mimi, nikazisahau kambani hapa Mtopanga. Bwana Dishon hakunitukana. Alikaa ngazini akavua kofia. Afadhali angenitukana. Na jua lilikuwa linaanza kuihama baraza. Nikamwambia kwamba ninacho kitambaa cheupe kikapuni mwangu, nikakitandaza. Mwanatabu, anayetunza nyumba ile, akasema miaka yote aliyoipangusa sebule hiyo hajapata kuiona hivyo. Hata ua lililochongwa kwenye mguu wa meza lilitoka pichani.

Nyumba imenunuliwa, Mama! Jumamosi naenda Changamwe kupiga nyumba nyingine, na kamera nashika mimi. Bwana Dishon amesema mizigo atafunga yeye, maana mimi nimeshajulikana.

Sasa lile jambo. Kitambaa kile kilikuwa bafta yako. Ndiyo, ile ile uliyonituma niitafute mjini wakati nguo zilipokuwa adimu, ili uiweke sandukuni iwe sanda yako, ukaniagiza mtu asiikunjue hadi ifike mikononi mwako. Nilikuwa nayo siku ile ili nimpe Charo akuletee, maana alikuwa akija huko nyumbani jioni. Niliitandaza chini mbele ya watu, na mbwa wa nyumba akaikanyaga. Nimeifua mara tatu; alama mbili zimekataa kutoka. Kisha nikamdanganya Charo kwamba bafta haijapatikana, naye akakuletea uongo wangu bila kujua. Niliona aibu, na nilikuogopa. Nisamehe, Mama.

Nimekununulia nyingine, haijakunjuliwa na mtu, nitakuja nayo Krismasi. Lakini na hii yenye alama nitakuja nayo, pamoja na kamera. Nitakuketisha mlangoni, niitandaze miguuni pako, nuru ikupande usoni. Tumepiga picha nyumba za watu chumba kwa chumba, na wewe mama yangu sina picha yako hata moja. Sitaki siku ya kuitumia ile mpya inikute bado sina.

Nisalimie dada Nyevu na watoto, na umwambie Charo kwamba kosa ni langu. Ukiwa umekasirika, kasirika hadi Krismasi tu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Randu